Mkalimani wa Dorika Mhone

Régine Kalenga alijua Kiingereza kwa sababu ya reli. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na kwa miaka tisa alipangiwa kazi Ndola, upande wa Waingereza, ambako Régine alisoma shule ya misheni mpaka darasa la tano. Familia iliporudi Élisabethville hakukuwa na mtu wa kuzungumza naye lugha hiyo. Masista walimfundisha Kifaransa, wakamfundisha kufunga vidonda, na alipotimiza miaka ishirini na mmoja alikuwa msaidizi katika chumba cha magonjwa ya ngozi, kwenye hospitali ya Waafrika. Alichemsha vyombo, alipaka wagonjwa dawa ya zambarau, na alimtafsiria Daktari Wauters maneno ya waliosema Kiswahili, Kiluba au Kibemba. Kiingereza hakikuhitajika hadi Agosti ya mwaka 1956.

Mwaka huo ndio Régine aliodhani kwamba ataolewa na Floribert.

Hakuna aliyemwambia hivyo kwa kinywa. Floribert alikuwa karani wa forodha, na kwao ni Mitwaba. Kwa miaka miwili walikuwa wakitoka misani pamoja, hatua chache mbele ya mama yake Régine. Mama yake Floribert alipokuja mjini kutibiwa macho, alilala kwao Régine wiki nzima, akala ugali wa bukari na samaki wakavu wa Pweto ambao Régine aliwapika mwenyewe, na siku ya kuondoka akasema, "Huyu mutoto anajua kupika samaki." Katika familia zao maneno kama hayo hayasemwi bure. Kisha Floribert akahamishiwa Mokambo, mpakani, kwa mwaka mmoja. Kutoka huko aliandika barua mbili, na ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza.

Alirudi mwezi wa saba. Jumapili ya kwanza alikuja nyumbani kwao, akamkuta Régine uani akipiga pasi mashati ya baba yake. Akavuta kiti, akakaa, akakataa bia.

"Régine, niko na kintu ya kukuambia. Minapenda uisikie kwa kinywa yangu."

"Sema."

"Nilipata muntu kule Mufulira, ngambo ya mupaka. Iko mwalimu. Jina yake ni Dorika. Tunapenda kuoana."

Régine alirudisha pasi kwenye mkono uleule wa shati aliokwisha kuunyoosha.

"Ni muzuri," alisema. Halafu akauliza, "Munasemaka luga gani?"

"Kiingereza. Baba na mama yake ni bantu ba Nyasaland, Kibemba yake ni ya soko tu. Nilijifunza kidogo-kidogo."

Hapo ndipo ilipomchoma. Kwamba Floribert amempenda mtu mwingine, hilo lilikuwa bado mbali, kama habari ya mji mwingine. Lakini kwamba amejifunza lugha. Zamani Régine aliwahi kumsemesha Kiingereza njiani, kwa utani, sentensi mbili za kitabu cha shule, naye akacheka akamwambia lugha hiyo ni ya kuitia ng'ombe. Sasa alikuwa amekaa usiku na mchana akitafuta maneno yake, kwa ajili ya mwanamke wa Mufulira.

"Kuko kintu ingine," Floribert aliendelea. "Iko na alama-alama kwa ngozi. Kule kwabo banamuambia tu angoje. Anaogopa isikuwe bukoma. Shule ikifungwa atakuya, atalala kwa shangazi yangu Virginie. Kule hopitali weye njo unajua Kiingereza. Utamusaidia?"

Angeweza kukataa. Angeweza kusema kwamba daktari ana foleni ndefu, au kwamba Sista hapendi wageni.

"Nitamusaidia," alisema, kwa sababu alitaka kumwona.

*

Dorika Mhone alikuja Jumanne ya pili ya Agosti. Régine alimtambua kabla hajaulizwa jina. Wagonjwa wengine wote kwenye baraza walikuwa wakisinzia au wakizungumza na majirani. Yeye peke yake alikuwa anasoma kitabu, amenyoosha mgongo, viatu vyake vya kamba vimewekwa sawasawa sakafuni kama vya mtu anayepigwa picha. Alivaa sweta ya kijivu. Hakuwa mzuri kama Régine alivyoogopa, na jambo hilo halikumfariji. Uzuri ungemwelewesha kwa nini Floribert amemchagua.

"Wewe ni Régine," Dorika alisema kwa Kiingereza, akasimama na kumpa mkono. "Floribert ameniambia wewe ni kama dada yake."

"Ndiyo," Régine alijibu. Kiingereza chake kilitoka na kutu. Kiingereza cha Dorika kilikuwa laini, kimejaa maneno ya madarasa ambayo Régine hakuwahi kuyafikia, na ilimbidi mara mbili aombe arudiwe.

Ndani, Daktari Wauters alimwambia avue blauzi. Alikuwa mzee mrefu, mtu wa Ubelgiji, mwenye mikono iliyopauka kwa kunawa. Régine alikwisha kuona migongo mingi chumbani humo, lakini huu aliutazama kwa namna nyingine. Kulikuwa na mabaka meupe-meupe, madogo kama ukucha wa kidole gumba, yakishuka kutoka shingoni hadi katikati ya mabega. Ilimpitia furaha ndogo, ya haraka, na nyuma yake woga wa furaha hiyo.

"Mwambie afumbe macho," daktari alisema. "Kila nikimgusa, aonyeshe mahali kwa kidole."

Régine akatafsiri. Daktari akasokota ncha ya pamba, akamgusa kwenye baka la kwanza. Kidole cha Dorika kikaja palepale. La pili, palepale. Régine alijua jaribio hilo kama sala ya asubuhi. Penye ukoma ngozi hufa ganzi, mgonjwa haisikii pamba, kidole kinabaki hewani kikitafuta. Kwenye baka la tatu alikuwa ameshajua jibu. Hata hivyo aliendelea kukitazama kidole hicho, baka kwa baka, na alipofika la saba alitambua kwamba alikuwa anasubiri kikosee.

Daktari akachukua majimaji kidogo kwenye ndewe ya sikio, akayapaka juu ya kioo. "Ijumaa," alisema.

Barazani Dorika alimshika Régine mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Nikikutwa nao, watanifanya nini hapa? Mimi ni mgeni."

Régine alimwambia ukweli, kwamba wenye ukoma hupelekwa kijiji cha wagonjwa, nje ya mji, na kwamba kwa mgeni lazima serikali iandikiwe barua.

"Usimwambie Floribert kwamba nimeuliza," Dorika alisema. "Ananiona mimi ni jasiri. Asante, Régine. Bila wewe ningekuwa kama bubu humu."

Régine alitaka asishukuriwe. Mtu akikushukuru anakufunga mikono.

Siku ya Jumatano, akirudi kutoka kazini saa kumi, aliwaona. Walikuwa wakitoka sokoni, wamempa mgongo, na Floribert alikuwa amebeba kikapu cha majani ya mihogo. Karani wa forodha, mwenye tai, amebeba kikapu cha mwanamke katikati ya barabara, wanaume wenzake wanamtazama kutoka mlango wa baa naye hajali. Alikuwa anasema Kiingereza. Régine aliongeza hatua akawakaribia kiasi cha kusikia. Kilikuwa Kiingereza kibovu kabisa. Alichanganya leo na jana, akamwita kuku jike "yeye mwanamume," na Dorika alipomsahihisha alicheka mwenyewe kwa sauti, akarudia, akakosea tena. Kwa miaka miwili Régine hakuwahi kumsikia Floribert akikosea neno lolote. Kwake alikuja daima akiwa amepigwa pasi, yeye na maneno yake. Hakujua kwamba ndani ya mtu yule kuna mwingine anayeweza kuchekwa.

Aliwaacha wapite, akazunguka kwa njia ya nyuma ya kanisa. Chakula cha jioni kilimshinda. Mama yake alipomuuliza, alisema ni kichwa.

*

Ijumaa foleni ilifika hadi nje ya geti. Dorika aliingia wa kumi na mbili. Daktari Wauters alikuwa na karatasi ya maabara mkononi, akaisoma amesimama.

"Hakuna kitu," alisema kwa Kifaransa. "Si ukoma. Mwambie vizuri, maana naona ameogopa sana. Ni mba tu, kuvu la ngozi, nusu ya mji wanalo. Apake pomadi hii ya salfa asubuhi na jioni kwa wiki tatu. Achemshe nguo za ndani na shuka. Mabaka hayatarudia rangi yake mara moja, itachukua miezi. Aje baada ya mwezi nimwone."

Akageuka kunawa mikono.

Régine akafungua kinywa, akaanza katikati. "Utapaka pomadi hii asubuhi na jioni," alisema kwa Kiingereza, "kwa wiki tatu. Utachemsha nguo za ndani na shuka. Rangi haitarudi mara moja, itachukua miezi. Utarudi baada ya mwezi."

Baadaye alijiambia kwamba alianza katikati kwa bahati mbaya, na kwamba alikusudia kurudi mwanzo. Labda kwa muda wa pumzi mbili ilikuwa kweli.

Dorika alingoja. Alipoona hakuna linaloongezwa, akauliza kwa sauti ndogo, "Na ile habari nyingine? Amesema nini?"

Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye beseni.

"Amesema upake dawa, urudi baada ya mwezi."

"Lakini amesema kwamba si ukoma?"

"Hajasema," Régine alijibu.

"Anauliza nini?" daktari aliuliza, akijifuta.

"Anauliza kama atumie sabuni ya kawaida, Daktari."

"Yoyote. Sabuni yoyote."

"Amesema nini?" Dorika aliuliza. Macho yake yalikuwa yameng'ang'ania mdomo wa Régine.

"Amesema sabuni yoyote."

Dorika akaitikia kwa kichwa, polepole, mara kadhaa. Akavaa blauzi yake akakosea kifungo kimoja, upande mmoja wa kola ukapanda juu. Régine aliona. Hakumwambia. Kisha akafungua mlango na kuita mgonjwa wa kumi na tatu.

Siku hiyo alifanya kazi vizuri. Hata Sœur Léonie, sista mkubwa wa chumba kile, alimsifu kwa bandeji alizozifunga. Jioni alikula sana. Alijiambia kwamba hajasema uongo mkubwa. Mwezi mmoja si muda, mgonjwa atarudi, daktari atamwambia, na kwa mwezi huo mmoja yule mwanamke ataonja kidogo kile ambacho yeye Régine amekuwa akila tangu Jumapili ya pasi. Hakufikiri zaidi ya hapo.

Lakini Dorika hakungoja mwezi. Jumamosi asubuhi alipanda lori la Mokambo.

*

Jumatatu, baada ya kazi, Floribert alimkuta Régine kwenye ua wa kwao, akichambua maharage. Hakuwa na tai. Alitoa bahasha mfukoni.

"Dorika amerudi kwabo," alisema. "Shangazi hakujua sababu. Aliacha hii. Kiingereza ya kusema ninasikia, lakini hii ya mukono, nasoma neno moja naruka tatu. Unisomee."

Régine akafuta mikono yake kwenye kitenge. Mwandiko ulikuwa wa mwalimu, mviringo, hakuna herufi iliyogusa mwenzake isipotakiwa. Akasoma kwanza kwa macho, kisha akaanza kumgeuzia kwa Kiswahili, mstari kwa mstari.

"'Floribert wangu. Nilimuuliza munganga mara mbili. Muntu kama hana ugonjwa, banamuambia. Miye habakuniambia, banipatia dawa tu, na banasema nichemushe mashuka. Basi nimejua. Sitaki bakufunge pamoja na miye katika inchi yako. Sitaki mama yako aitwe mama wa mukoma. Umuambie shangazi achemushe kila kitu nililalia, na anisamehe. Usinifuate. Nilikuwa na furaha.'"

Palikuwa na sentensi moja ambayo hakuisoma. Ilisema: *Dada yako Régine amenitendea wema mwingi, umtunze.* Aliikuta katikati ya ukurasa, ulimi ukagoma, akairuka.

Floribert alichukua barua, akaitazama kama kwamba sasa ataielewa. Kuku alipita kati ya miguu yake. Mbali, bomba la kiwanda lilikuwa linatoa moshi wake wa kila siku.

"Mokambo banatafutaka karani," alisema mwishoni. "Hakuna muntu anapenda kwenda kule. Nitaomba banirudishe."

"Kufanya nini?"

"Nimuoe."

"Floribert, haukusikia? Ni bukoma."

"Nimesikia. Siku hizi kuko dawa, banasema. Na kama dawa itakataa, nitakaa naye vile."

"Na mama yako?"

"Mama atalia," alisema. "Halafu atanyamaza."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, kama mtu anayepanga safari ya kesho. Régine alikaa na ungo wake mapajani. Akajaribu kuyaweka mabaka yale mgongoni mwake mwenyewe. Floribert angekuja kumwona, ndiyo. Angeleta machungwa, mara moja, labda mara mbili, angesimama mlangoni. Angesikitika kwa adabu. Huo ndio ulikuwa ukubwa wa fungu lake. Na yule wa Mufulira, kwa ugonjwa ambao hata hana, anapewa maisha mazima.

Hiyo ndiyo haikuvumilika. Si toba iliyomfungua mdomo. Toba ilikuja baadaye, na ilikuja ikichechemea. Ni wivu uleule uliomfunga mdomo Ijumaa ndio uliomfungua Jumatatu.

"Hana bukoma," alisema.

Floribert akamtazama.

"Munganga alisema siku ya tano, Ijumaa ile. Alisema haina bukoma, ni mba tu. Alisema nimuambie muzuri, juu anaogopa. Sikumuambia."

"Ulisahau."

Alikuwa amemfungulia mlango, aliuona wazi. Ingetosha kusema ndiyo.

"Sikusahau."

"Juu ya nini, sasa?"

"Unajua juu ya nini."

"Mi sijue," Floribert alisema, na Régine alipomwangalia usoni aliona kwamba ni kweli hajui. Miaka miwili ya kutoka misani, na hakuwa anajua. Basi ikambidi aseme mwenyewe, uani, mchana, mbele ya maharage.

"Nilizania njo miye utaoa."

"Sikukuambiaka vile. Hata siku moja."

"Haukuniambia. Mama yako njo alisema najua kupika samaki."

Akatazama chini. Kama angekasirika, Régine angepata cha kushika. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyaga kitu gizani na sasa anaona ni nini. Akaikunja barua mara mbili, akairudisha mfukoni.

"Chukua karatasi," alisema. "Andika kwa Kiingereza. Maneno yote ya munganga, kuanzia ya kwanza. Na jina yako chini."

Aliandika kwenye meza ya baba yake. Floribert alisimama nyuma ya kiti muda wote. Ilichukua karibu saa nzima, kwa kuwa Régine alisahau jinsi ya kuandika maneno mengine na hapakuwa na wa kumuuliza. Alipomaliza, Floribert alikausha wino kwa kupuliza, akamuaga mama yake Régine kwa heshima zote, akaondoka. Kesho yake alipanda lori.

*

Régine alikwenda mwenyewe kwa Sœur Léonie, kabla Floribert hajarudi kusema. Hakujua kama huo ulikuwa ujasiri au hesabu. Sista alimsikiliza akiwa amefumba macho, kisha akamshika kiwiko akampeleka kwa daktari, akamwamuru arudie yote.

Daktari Wauters alivua miwani. Alikuwa mtu wa hasira, watu wote wa hospitali walijua, na Régine alijitayarisha kwa kelele.

"Miaka ishirini na miwili," alisema, "nazungumza na wagonjwa wangu kupitia vinywa vya watu wengine. Sasa nitakuwa najiuliza ni wangapi."

"Ni huyu mmoja tu, Daktari."

"Na hilo pia," alisema, "itanibidi nikuamini wewe."

Iliamuliwa kwamba atahamishiwa chumba cha kufulia. Lakini hapakuwa na mwingine anayejua Kiingereza, na mgonjwa alikuwa na miadi. Kwa hiyo akaachwa mahali pake mpaka mwezi uishe, akifanya kazi chini ya macho ya Sista, ambaye sasa alikaa kwenye kiti kona ya chumba na kusikiliza kila neno la Kiswahili. Wenzake walijua. Hakuna aliyemtukana, waliacha tu kumwachia mambo yao ya siri.

Dorika alirudi katikati ya Septemba, na Floribert alikuwa naye. Yeye alibaki barazani. Dorika aliingia na sweta ileile ya kijivu na kijikaratasi mkononi. Alisimama mbele ya Régine, karibu kuliko Régine alivyotaka.

"Nimeipata barua yako," alisema kwa Kiingereza. "Ilinifikia nikiwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi shuleni. Ilibaki kuitia kwenye bahasha."

Régine alitafuta neno. "Nisamehe," alisema.

"Najaribu. Bado sijaweza." Dorika hakusema kwa ukali. "Ningekuwa nimelia mbele yako siku ile, usingefanya. Nilikaa nikajiuliza hivyo. Lakini sikutaka kulia mbele yako, kwa sababu nilijua."

"Ulijua nini?"

"Ulivyokuwa unalitaja jina lake. Wewe hulitamki kama jina la kaka."

Daktari akaingia, akamtazama mgongo kwenye mwanga wa dirisha, akagusagusa, akaridhika. Magamba yalikuwa yamekwisha. Mabaka yalibaki meupe lakini kingo zake zimeanza kufifia. Akafungua kinywa, akageuza uso kwa Régine kama kawaida yake, na hapo Dorika akainua kijikaratasi chake.

"Docteur," alisoma polepole, akimtazama yeye peke yake, "est-ce que c'est la lèpre?" Daktari, je, huu ni ukoma?

Sœur Léonie aliinuka nusu kwenye kiti. Daktari aliweka kalamu chini.

"Non, madame," alisema. "Ce n'est pas la lèpre." Si ukoma.

"Répétez, s'il vous plaît."

Akarudia, neno moja moja, kama anayemsomea mtoto imla. Dorika alikuwa ameandika jibu hilo kwenye karatasi yake tayari, la ndiyo na la hapana, na kwa penseli akaweka alama kwenye la hapana.

Régine alisimama pembeni, mikono nyuma, hana kazi. Alifikiri angeona aibu, na aliiona. Lakini juu ya aibu kilikuja kitu kingine, na alikitambua mara moja. "S'il vous plaît" ya Dorika ilikuwa na lafudhi ya watu wa Mitwaba, kwao Floribert, ile silabi ya mwisho iliyoburuzwa kidogo, na mtu mmoja tu angeweza kuwa amemfundisha hivyo. Aliwaona akilini wamekaa mezani kule Mufulira, Floribert akisema, yeye akirudia, akikosea, wakicheka. Walikuwa wameutumia uongo wake kama meza ya kuwakalisha karibu-karibu. Wivu ulirudi upya, kama kwamba haukuambiwa yaliyotokea.

"Sasa tafsiri," daktari alimwambia. "Aache pomadi. Jua litamrudishia rangi, asijifunike. Mabaka yakirudi, ni dawa ileile."

Régine alitafsiri. Hakuacha neno. Dorika alimsikiliza, na kila sentensi ilipokwisha alimtazama daktari usoni, kuona kama uso unakubaliana na maneno.

Walipotoka, Floribert aliinuka kwenye benchi. Alimwona Régine mlangoni, akamwinamia kichwa kidogo, kama anavyomfanyia mtu wa ofisini. Hakuuliza daktari amesema nini. Dorika mwenyewe alimwambia, kwa Kifaransa chake cha sentensi moja, naye akaweka mkono wake kwenye mgongo wa Dorika, juu ya sweta, mahali palepale penye mabaka, akauacha hapo.

Régine aliwatazama mpaka Sista akamwita mara ya pili.

Jumatatu alianza kazi ya kufulia. Ndoa ilifungwa Mufulira mwezi wa kwanza, na shangazi Virginie, ambaye hakuambiwa yote, alipita kwao kumwonyesha picha. Régine aliishika pembeni, kwa vidole viwili. Bwana arusi alikuwa anacheka, amefumba jicho moja kwa jua. Akasema ni picha nzuri, akarudisha, akaenda kuanika shuka. Na siku nyingi baada ya hapo, akiwa peke yake kwenye kamba za nguo, alijikuta anasema Kiingereza kwa sauti ya chini, akirekebisha matamshi yake, na hakujua alikuwa anamsemesha nani.